Neno la Kuvaa Mgongoni

Kila Jumamosi asubuhi, uani kwao kulikuwa na kazi ya kuosha brashi. Msomi aliketi kwenye kigoda, brashi zimepangwa mbele yake kama samaki sokoni, akazisugua moja moja mpaka maji yakaacha kutoka na rangi. Alifanya kazi hiyo akiimba. Aliimba kwa Kiingereza, kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo na hakupenda jambo hilo lisahauliwe, hata na brashi.

Jina la Msomi alipewa na shangazi yake siku alipomsahihisha mgeni mezani, mgeni akiwa bado ana tonge mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa fundi rangi, na kila mtu alimwita Fundi, hata baba yake Msomi. Fundi alifanya kazi na wanawake wengine watatu. Wa kwanza alikuwa Shangazi mwenyewe, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi sana na mdomo mwepesi zaidi. Wa pili aliitwa Twiga, kwa kuwa alifika darini bila ngazi, au karibu afike. Wa tatu aliitwa Bibi Harusi. Huyo angeweza kupaka nyumba nzima rangi akatoka bila doa hata moja, kilemba chake cheupe vile vile.

Jumamosi moja wanne hao waliingia uani kwa kishindo.

"Acha kuimba!" alisema Shangazi. "Acha kuosha! Wifi, unamwambia mtoto au nimwambie mimi?"

"Mwambie wewe," Fundi alimjibu. "Ukinyamaza utapasuka."

"Tumepata ukuta!"

Msomi alimtazama mama yake. Kuta walikuwa wakizipata kila wiki. Mama alicheka, akavuta kigoda kingine, akaeleza taratibu. Hospitali kubwa ya mji ilikuwa ikijenga wodi mpya ya watoto. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amewapa ukuta mmoja wa korido waupake Jumamosi inayofuata, awaone wanavyofanya kazi. Wakiupaka vizuri, wodi nzima itakuwa yao, vyumba vyote na ngazi zake, kazi ya miezi. Wakiuharibu, kulikuwa na mafundi wengine wanaosubiri kuitwa.

"Ila kuna sharti," alisema Fundi. "Waliochora jengo lile wametoka nchi mbalimbali. Wao kwa wao wanaelewana kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila kikundi kinachofanya kazi pale kiandike kwa Kiingereza, mgongoni, kwamba ni nani. Mafundi wa umeme wameshaandika. Electrical Team."

"Kwani Kiswahili kimekosa nini?" Shangazi alidakia. "Nikiandikwa Mafundi Rangi mgongoni, nani atadhani nauza vitunguu?"

"Asiyejua Kiswahili," alisema Twiga.

"Basi aje aniulize. Nina mdomo."

"Hilo tunalijua," wenzake watatu walisema kwa pamoja, na ua mzima ukaangua kicheko.

Kicheko kilipotulia, Fundi alimgeukia binti yake. "Neno la rangi lipo kwenye kila kopo, hilo halitusumbui. Linalotusumbua ni lile la pili, la kututaja sisi wenyewe, watu wanne tunaofanya kazi pamoja. Tutafutie neno zuri, mwanangu. Ukishalipata, umwonyeshe mwalimu wako wa Kiingereza kabla hatujaliandika."

"Mwalimu wa nini tena, Mama? Mimi mwenyewe si natosha?"

"Mwonyeshe," alisema mama yake.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Msomi aliingia maktaba ya shule na kifua mbele. Alifuatana na rafiki yake, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kamusi ya maktaba ilikuwa nyembamba, na kila neno lilipewa maelezo ya mstari mmoja tu. Msomi alipekua. Akakuta maneno mengi ya kutaja watu wakiwa pamoja, na hakuwa amejua kwamba Waingereza wana mengi kiasi hicho. Crowd, umati wa watu. Staff, wafanyakazi. Team alilijua tayari, nalo lilikuwa limeshavaliwa na mafundi wa umeme. Kisha akaliona neno moja dogo ambalo hakuwahi kukutana nalo: mob. Mbele yake paliandikwa vile vile, umati wa watu.

"Hili hapa!" alisema. "Herufi tatu tu. Zitaandikwa kubwa, zitaonekana kutoka barabarani. Na darasa zima hakuna anayelijua."

Redio alikunja uso. "Mimi nimeshalisikia kwenye taarifa ya habari. Palikuwa na watu wanakimbia."

"Walikuwa mazoezini."

"Mbona nyuma yao kulikuwa na moshi?"

"Redio, nani wa kwanza kwa Kiingereza, mimi au wewe?"

Redio alikiri kwamba ni Msomi. Hata hivyo, walipotoka maktaba walipita mbele ya ofisi ya walimu. Mlango ulikuwa wazi, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa ndani anapanga madaftari, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Ilitosha kubisha hodi. Msomi alipunguza mwendo. Akafikiri: nikiuliza, neno litakuwa la mwalimu, nisipouliza, litakuwa langu. Akaongeza mwendo, akapita.

Jioni mama yake alimuuliza, "Umemwonyesha mwalimu?"

"Nimemwonyesha," alisema Msomi. "Kasema ni neno zuri sana."

Maneno hayo yalimtoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. Mama yake alimpapasa kichwa kwa furaha, na mkono ule ulikuwa mzito kuliko siku zote.

Ijumaa jioni waliandika. Fundi alikata herufi katikati ya karatasi ngumu kwa wembe, akailaza juu ya mgongo wa kila ovaroli, na Bibi Harusi akapitisha brashi kavukavu ili rangi isivuje pembeni. Walipoinua karatasi, herufi zilibaki zimenyooka, nyeupe juu ya buluu: PAINT MOB. Ovaroli nne zilitundikwa kwenye kamba zikauke. Shangazi alizizunguka kama mtu anayekagua gwaride.

"Sijui maana yake," alisema, "lakini limekaa kibabe. Mob! Linajaza mdomo."

Msomi alitabasamu, lakini chai yake siku hiyo aliiacha nusu kikombe.

Jumamosi shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo alikwenda nao hospitalini. Walibeba rola, brashi, ngazi na ndoo, wakaingia kwenye korido ya wodi mpya iliyonuka saruji na mbao. Mafundi wa umeme walikuwa juu ya ngazi zao wakivuta nyaya. Msimamizi wa ujenzi, bwana mmoja mnene mwenye kofia ngumu nyeupe, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Ukuta wenu ni ule pale."

"Ahsante, Bwana Msimamizi," alijibu Fundi, na wote wanne wakampita.

Hapo ndipo msimamizi alipoiona migongo. Chai ilimpalia. Alikohoa mpaka kofia ikamshuka usoni. Fundi mmoja wa umeme alisoma, akamgusa mwenzake, naye mwenzake akasoma, na kicheko kikapanda ngazi hadi ngazi.

"Jamani, tusalimike!" fundi yule aliita kutoka juu. "Mawe mmeyaweka kwenye ndoo?"

"Mawe gani?" Shangazi aliuliza. "Hii ni rangi, wewe!"

Msimamizi alijifuta ndevu. "Mama Fundi, nani aliwaandikia neno hilo? Mob ni watu waliojaa hasira. Wale wanaokuja kuvunja vioo na kuchoma magari. Hapa mmeandika kwamba ninyi ni kundi la wafanya fujo wenye brashi."

"Mimi nina hasira kidogo," alisema Twiga, "lakini ni kwa sababu ya viatu. Vinanibana."

Hata msimamizi alicheka kwa hilo. Kisha akatazama saa yake, na kicheko kikamwisha. "Lakini hapa nina tatizo. Wageni waliochora jengo wanafika leo leo. Siwezi kuwapitisha mbele ya migongo hiyo. Itabidi niwaite wale mafundi wengine."

Bibi Harusi alishusha ndoo yake polepole.

"Bwana Msimamizi," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "sisi hatukuokota neno barabarani. Mwanangu alimwonyesha mwalimu wake wa Kiingereza. Mwalimu ndiye aliyelikubali."

"Mwalimu? Wa shule ipi?" Fundi aliitaja. "Mkuu wa shule hiyo namfahamu vizuri," alisema msimamizi, akitoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie sasa hivi. Mwalimu wa Kiingereza asiyejua neno kama hilo anawafundisha nini watoto wetu?"

Msomi aliitazama simu ile. Akilini aliiona kalamu nyekundu katika nywele za mwalimu. Alimwona mwalimu akiitwa ofisini, akisimama mbele ya mkuu wa shule, akiulizwa juu ya neno asilowahi kuonyeshwa. Kidole cha msimamizi kilikuwa kinatafuta namba.

"Usipige!" alisema.

Wote wakageuka.

"Sikumwonyesha mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini korido tupu iliibeba mpaka mwisho. "Nilipita mbele ya mlango wake, sikuingia. Nilimdanganya Mama. Nilitaka neno liwe langu peke yangu. Mwalimu hana kosa, na Mama hana kosa. Mnaweza kunifukuza mimi, lakini Mama aachiwe ukuta."

Hakuna aliyecheka sasa, hata mafundi wa umeme. Fundi alimgeukia binti yake. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Tutazungumza," alisema. "Sasa hivi kuna ukuta."

Aligeuka akamwendea msimamizi, lakini Shangazi alikuwa amemtangulia. Alishafungua vifungo, akavua ovaroli yake, akabaki na blauzi na suruali alizovaa ndani, akaigeuza ovaroli ndani nje na kuivaa tena. Mishono yote ilikuwa nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi, na mgongo ulikuwa mtupu.

"Haya, Bwana Msimamizi," alisema akizunguka mbele yake kama mwanamitindo. "Neno liko wapi?"

Twiga na Bibi Harusi wakafuata, na Fundi naye. Msimamizi aliwatazama wanawake wanne waliovaa nguo ndani nje, mashavu yakamtetemeka.

"Pakeni," alisema. "Pakeni kabla sijabadili mawazo."

Msomi alikimbilia ndoo, lakini mama yake alimzuia. "Wewe leo hushiki brashi. Kaa pale ututazame. Umetuvika neno kabla hujatutazama tukifanya kazi."

Ilikuwa kweli. Msomi alikuwa akiosha brashi za mama yake tangu akiwa mdogo, lakini hakuwa amewahi kukaa mbele ya ukuta mkubwa ukipakwa. Siku za kazi yeye alikuwa shuleni. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, akakumbatia magoti yake.

Ukuta ulikuwa mrefu na laini, na rangi ya kuupaka ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Kabla ya kuanza, Fundi alisema jambo moja tu, akilielekeza kwa Msomi zaidi kuliko kwa wenzake: "Ukuta kama huu ukishauanza, huusimamishi. Pale ulipoishia rangi ikikauka, ukija kuendelea, mahali pale patabaki na mstari milele. Kwa hiyo ukingo wa rangi lazima uwe mbichi mpaka mwisho wa ukuta."

Wakaanza. Twiga alipanda ubao uliolazwa juu ya ngazi mbili akatangulia na brashi, akichora mkanda mwembamba chini ya dari. Bibi Harusi alimfuata kwa rola katika sehemu ya juu ya ukuta, Shangazi akapokea katikati, na Fundi akamalizia chini, macho yake yakiwa juu, chini, mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Walisogea pamoja hatua kwa hatua, mmoja akiwa mbele kidogo ya mwingine, na manjano ikatembea nao ukutani kama jua linaloingia chumbani. Shangazi, kwa mara ya kwanza katika maisha ya Msomi, alikuwa kimya.

Walipofika katikati ya ukuta, Bibi Harusi alisimama ghafla akashika jicho. Tone lilikuwa limemrukia. Bibi Harusi! Msomi alishika mdomo. Ukingo wa rangi ulikuwa umelowa na unangoja, na hewa ya korido ilikuwa kavu.

Hakuna aliyeita. Shangazi aliinua rola yake akahamia juu. Fundi aliinuka kutoka chini akachukua katikati. Twiga alikuwa ameshamaliza mkanda wake, akaruka kutoka kwenye ubao, akakunja miguu yake mirefu mpaka magoti yakafika masikioni, akapaka chini. Bibi Harusi aliosha jicho lake kwenye bomba, akarudi, akatazama pengo liko wapi, akaingia hapo hapo kana kwamba ndipo alipokuwa tangu asubuhi. Rangi haikusimama hata kidogo.

Msomi alisahau kwamba alikuwa na aibu. Alikuwa amesimama juu ya mfuko wa saruji, mikono kifuani, akiwashangilia kimoyomoyo kama mtu aliye uwanjani.

Ukuta ulipokwisha na kukauka, na wale wageni wakiwa wameshapita na kwenda zao, msimamizi alikuja na tochi. Hakuumulika kwa mbele. Aliegemeza tochi kwenye ukuta wenyewe, mwanga ukalala juu yake kwa ubavu, na hivyo hata kovu dogo lingetoa kivuli. Alitembea kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudi kutoka mwisho mpaka mwanzo.

"Mlisimama wapi?" aliuliza.

"Hatukusimama," alisema Fundi.

"Nilimwona mmoja wenu akienda bombani."

"Mmoja alikwenda bombani. Sisi hatukusimama."

Msimamizi alizima tochi, akampa mkono. "Wodi ni yenu. Jumatatu mnaanza. Ila mje na neno jingine migongoni. Na zigeuzeni hizo nguo, mifuko inanichekesha, nashindwa kufanya kazi."

Shangazi alipiga kigelegele kilichofanya fundi mmoja wa umeme aangushe koleo.

Jioni ile ile, Fundi alimshika Msomi mkono wakaenda nyumbani kwa mwalimu wa Kiingereza. Walimkuta nje anaanika nguo.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Msomi.

"Marahaba. Kuna nini na jua linazama?"

Msomi alieleza yote bila kupunguza. Aliposema kwamba neno lilikuwa mob, mwalimu aliziba mdomo kwa shuka mbichi, na mabega yake yakaanza kucheza. Alipofika mahali pa simu ya msimamizi, mabega yalitulia.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilitumia jina lako kufunika uongo wangu."

"Nimekusamehe kwa sababu umekuja mwenyewe," alisema mwalimu. "Lakini nishikie kikapu hiki nikuulize jambo. Mama yako na wenzake, kwa Kiswahili, ungewaita genge?"

"Genge? Hapana!" Msomi alimtazama mama yake kwa hofu. "Genge ni la wezi."

"Umati, je?"

"Umati ni watu wengi ambao hata hawajuani. Wao ni wanne."

"Basi waite jopo."

"Jopo linakaa mezani linaamua mambo, Mwalimu. Wao hawakai."

"Hadhira?"

Msomi alianza kucheka. "Hadhira ni wanaosikiliza. Shangazi hajawahi kusikiliza mtu!"

Fundi naye akacheka.

"Unaona?" Mwalimu alichukua kibanio kutoka kikapuni. "Maneno yote hayo yanataja watu waliokusanyika, na hukukosea hata moja. Hukuyajua kwa kamusi ya mstari mmoja. Uliyajua kwa kusikia nani anaitwa hivyo, na anaitwa hivyo akiwa anafanya nini. Kiingereza nacho kina watu wake na mazoea yake. Crowd ni wengi tu, hawana ubaya wala uzuri. Mob ni hao hao hasira zikishawapanda. Staff ni walioajiriwa mahali pamoja, kama sisi walimu na mpishi na mlinzi wetu. Team ni wanaofuata lengo moja, na mara nyingi kuna mwingine wanayetaka kumshinda. Sasa niambie, hao wanne leo umewaona wakifanya nini?"

Msomi alieleza juu ya ukingo mbichi. Alieleza mkanda wa Twiga, jicho la Bibi Harusi, na jinsi kila mmoja alivyohamia pengo la mwenzake bila kuitwa. Alieleza kwa mikono, na kikapu kikaanguka, naye hakuona. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna neno crew," alisema. "Ndege ikiruka, ndani yake wamo watu wengi, lakini wale wanaoirusha na kuihudumia ndio wanaoitwa hivyo. Kila mmoja ana nafasi yake, kazi ni moja, na mmoja akitoka bila kushikiwa nafasi, wote mko mashakani. Lakini mimi sitavaa ovaroli hizo. Wewe pia huzivai. Nenda na maneno matatu, uwaeleze wenyewe, wachague."

Jumapili wanawake wanne walikusanyika uani. Msomi alisimama mbele yao akaeleza maneno matatu, staff, team na crew, kila moja na watu wake. Safari hii hakusema ni lipi analolipenda.

"Mimi team," alisema Shangazi mara moja. "Nataka kuwashinda wale wa umeme walionicheka."

"Mimi napenda staff," alisema Bibi Harusi, jicho lake bado jekundu kidogo. "Linasikika kama nguo iliyopigwa pasi."

"Staff wana bosi anayewaajiri," alisema Twiga. "Bosi wetu ni nani? Ukuta?"

"Hata hivyo ukuta ni bosi mkali," alisema Fundi. "Mimi nachukua hilo la tatu. Jana, jicho la mwenzetu lilipoumia, sikuwaza kumshinda mtu. Niliwaza pengo lake tu."

Bibi Harusi alimtazama, kisha akatazama mikono yake. "Basi na mimi nahama. Crew."

"Crew," alisema Twiga.

Shangazi alihema kwa nguvu. "Sawa, crew. Lakini juu yake tuandike Mafundi Rangi, kwa herufi kubwa zaidi. Anayejua Kiingereza asome chini. Anayejua maana asome juu."

Hilo lilipitishwa kwa makofi. Walifunika maandishi ya zamani kwa pande la kitambaa kipya lililoshonwa pembe zote nne, kisha Fundi akakata herufi, na brashi akampa Msomi. Msomi alipaka taratibu, herufi kwa herufi. Mama yake alichuchumaa karibu naye.

"Tulisema tutazungumza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kukosea neno si aibu. Mimi nimekosea rangi za nyumba nzima nikapaka upya, na wenye nyumba bado wananisalimia. Kilichoniuma ni kwamba nilisimama mbele ya watu nikakutetea kwa jambo lisilokuwepo. Mtu akikuamini, anakuvaa mgongoni, mwanangu. Yeye mwenyewe hakuoni. Wanaoona ni wengine. Kwa hiyo hakikisha unachompa avae ni cha kweli. Na usipojua, sema hujui. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazini kwangu kwa kuuliza."

"Sitarudia, Mama."

"Najua. Ulipomwambia yule bwana asipige simu, nilikuwa na hasira hadi kucha. Lakini nilisema moyoni, huyo ni wangu." Alimpapasa kichwa, na mkono ulikuwa mwepesi.

Ovaroli zilipotundikwa kwenye kamba, Shangazi alisogea na kikombe chake.

"Msomi, hebu nieleze. Wale wageni wa jana, mzee wao mmoja alisimama mbele yetu pale akasema, folks, folks, huku anatabasamu. Alikuwa anatuita nini huyo? Ni neno la heshima au nimfuate Jumatatu?"

Msomi alifungua mdomo. Neno hilo alishawahi kuliona mahali, na jibu la kubahatisha lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Aliufunga mdomo, akalimeza.

"Sijui, Shangazi," alisema. "Kesho nitamuuliza mwalimu."

Twiga akaanza kupiga makofi, Bibi Harusi akamfuata, na Shangazi akaweka kikombe chini ili apate nafasi ya kupiga kigelegele.